Mgeni wa Tanga Aonyeshwe Nini?

Mji wa Tanga una sifa ya kupenda wageni, na sifa hiyo hatuikani. Umeitwa mji wa "waja leo waondoka leo", na sisi wenyeji tumelipokea jina hilo kwa kicheko, maana utani ni sehemu ya uungwana. Lakini tazama jinsi tunavyomtembeza mgeni, utaona kwamba mzaha huo tumeugeuza kuwa historia. Twamwonyesha mji wa wale waliokuja wakaondoka. Waliokaa hatuwataji.

Fuatana na mtembezaji wa kawaida. Atakuanzia kwenye majumba ya Wajerumani yaliyo karibu na bandari. Kisha atakusimulia vita vya Novemba 1914: jinsi majeshi ya Uingereza, watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, yalivyoshindwa na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck, na jinsi nyuki walivyowatimua askari vichakani. Nyuki atawataja kwa mapenzi makubwa. Askari Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi katika jeshi hilo dogo, hatawataja. Nyuki wamepata heshima kuliko binadamu!

Nilipata kufuatana na wanafunzi wa sekondari katika matembezi ya namna hiyo. Msichana mmoja akauliza: "Mzee, na babu zetu siku hiyo walikuwa wapi?" Mtembezaji akajibu, "Walikimbia, mwanangu." Wanafunzi wakacheka. Mimi sikucheka, na hata leo sijapata hamu ya kucheka. Wako waliokimbia, kama wakimbiavyo raia wa mji wowote unaopigwa mizinga. Na wako waliokuwa wameshika bunduki katika ugomvi ambao haukuwa wao. Mtoto aliyeuliza swali la haki alirudishwa nyumbani na aibu asiyostahili.

Kadhalika mkonge. Kila mwanafunzi wa Tanga ameambiwa kwamba Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kwamba ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche imehesabiwa mmoja mmoja. Manamba waliotoka Kigoma, Njombe na Songea kuja kukata mkonge huo, wakaoa huku, wakazaa na kuzikwa huku, hutajwa kwa neno moja, kama mzigo. Na reli iliyoanzwa hapa mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911 husimuliwa kana kwamba mataruma yalijipanga yenyewe.

Tongoni ndiko kwenye msiba mkubwa zaidi. Hapo, kusini mwa mji, kwenye njia ya Pangani, pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyojengwa na watu wa Mtang'ata kabla Mreno hajaiona pwani hii. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Nawe utasikia nini? Kwamba Vasco da Gama aliichoma moto hapo karibu jahazi yake moja mwaka 1499! Waungwana waliojenga kwa matumbawe na chokaa wamefanywa mashahidi wa moto wa mgeni.

Nisidhaniwe kwamba nataka majumba ya kikoloni yabomolewe. La hasha. Yaachwe, yakarabatiwe, na aelezwe mgeni kwamba waliobeba mawe na kuchoma chokaa walikuwa watu wa hapa. Wala sidharau fedha za wageni. Ninachokataa ni kasumba ya kudhani kwamba mahali hapawi na thamani mpaka mtu wa mbali apatie guu.

Basi mimi nikiwa na mgeni humwanzia Ngamiani asubuhi, kwa miguu, maana Tanga ni tambarare na baiskeli ni nyingi kuliko papara. Ngamiani barabara zina namba, lakini mabaraza yana majina ya watu. Hapo mgeni hukaa, akasalimiwa kwa urefu, akaulizwa habari za kwao hata achoke. Asiharakishwe. Kiswahili atakachokisikia hapo, pamoja na utani wa Mdigo na Msambaa, Mbondei na Mzigua, ndilo jumba kubwa kuliko yote tuliyonayo. Adhuhuri apewe bada kwa samaki, ale kwa mkono. Mapango ya Amboni ataona jioni akipenda. Maumbile hayana siasa. Na usiku, apatapo mtu mwenye sahani za santuri za zamani, asikilize Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoifanya Tanga kuwa mji wa taarabu. Asikilize pia Atomic na Jamhuri Jazz. Huko ndiko yalikotoka mazungumzo ya mahaba ya Tanga. Yalikuwa sanaa, yenye mizani na staha, yakatungwa na watu waliofikiri. Anayeyafanya kisingizio cha kuwavunjia heshima binti zetu vituoni na mabasini hajaufahamu mji wala hajausikia wimbo.

Siku ya pili ni ya Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Karani yule wa serikali, aliyeandika usiku baada ya kazi ya mchana, alifariki mwaka 1962, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Vitabu vyake hutahiniwa Tanzania nzima. Lakini waulize wanafunzi wa shule zetu wangapi wamepata kukanyaga kijiji chake, ambacho si mbali na mji. Walimu, hapa nawalaumu kwa jina la kazi yenu. Basi la shule hupatikana kwa mpira wa miguu. Na lipatikane kwa hili. Wanafunzi waende na daftari, wawaulize wazee majina ya viunga, visima na mitumbwi, wayaandike, na wakirudi wamsahihishe mtembezaji.

Nawe mgeni, mabasi ya Dar es Salaam huanza kuondoka mapema. Ukiwa hujafika Tongoni wala Vibambani, liache la leo liende, upande la kesho.