Chai Haipiti Getini

Rungwe ni wilaya ya mvua na baridi, na ni wilaya ya chai. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli viko kwetu. Maziwa yapo, ndizi ndiyo usiseme. Sasa mtu atoke Matwebe siku ya mechi, manyunyu yamlowanishe, alipe kiingilio, halafu ndani akute nini? Soda ya baridi na karanga za juzi!

Uwanja ninaousema uko mkoani humu, jina naliacha. Getini unanyang'anywa chupa yako ya maji, eti usalama. Usalama gani, ikiwa chupa ileile, yenye kizibo kilekile, inauzwa hatua ishirini mbele kwa bei mara mbili ya dukani?

Mama mwenye chupa ya chai na sufuria ya ndizi anafukuzwa. Hana kibali, wanasema, tena ni mchafu. Basi bwana afya ampime, awekewe ndoo ya kunawia, atozwe ushuru wa siku kama sokoni. Kirungu cha mgambo hakijawahi kuosha kikombe.

Na msituambie soka kubwa lina taratibu zake. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, na huku mashabiki ni wakulima.

Mapumziko yakifika tunajipanga kwenye tundu la ukuta. Mama anapitisha kikombe kutoka nje, cha moto, kwa bei ya stendi. Mgambo anatuona. Naye anasubiri chake.