Kuchubua Ngozi kwa Asidi: Mpaka kati ya Kipodozi na Tiba

Mtanzania anaposikia neno kujichubua, mawazo yake huenda kwenye mkorogo. Hata hivyo, ipo tiba halali ya ngozi inayofanya kazi kwa kuchubua, na kufanana kwa majina kumewachanganya wengi. Katika tiba hiyo, asidi hupakwa usoni kwa muda uliopimwa ili tabaka la juu la ngozi lililochakaa litoke na jipya lichukue nafasi yake. Madaktari huitumia kwa chunusi, madoa na baadhi ya makovu. Lengo lake si kumfanya mtu awe mweupe.

Nguvu ya asidi ndiyo huamua kila kitu. Asidi ya glikoliki, ambayo kwa asili hupatikana kwenye miwa, na asidi ya salisiliki kwa kawaida hugusa tabaka la juu tu, na ngozi hupona ndani ya siku chache. Asidi ya trikloroasetiki huweza kuzama zaidi. Fenoli huzama kuliko zote, na kwa kuwa huingia katika damu na kuweza kuvuruga mapigo ya moyo, mgonjwa hupaswa kufuatiliwa moyo wake wakati wote wa tiba.

Kwa ngozi nyeusi, hatari ni kubwa zaidi. Ngozi yenye melanini nyingi hujibu jeraha kwa kutengeneza rangi zaidi, hivyo mtu aliyekwenda kuondoa doa dogo huweza kurudi na doa pana lililokoza, au kovu lililovimba. Aliyetumia mkorogo kwa muda mrefu yuko hatarini zaidi, maana ngozi yake imekwisha kudhoofika na asidi huzama kuliko ilivyokusudiwa.

Mwezi Julai 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wananchi wake wasinunue wala kutumia asidi kali za kuchubua ngozi bila usimamizi wa mtaalamu, ikieleza kuwa haijaidhinisha bidhaa yoyote ya aina hiyo. Chupa hizo zilikuwa zikiuzwa kupitia intaneti, na intaneti haina mpaka. Kwa asidi ya glikoliki, wataalamu wa vipodozi nchini humo walikwisha kupendekeza kwamba bidhaa ya kutumia nyumbani isizidi asilimia 10, na ile ya saluni yenye mtumishi aliyefunzwa isizidi asilimia 30.

Hapa nchini, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalihamishia udhibiti wa vipodozi kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), huku dawa na vifaa tiba vikibaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mgawanyo huo unaeleweka, lakini asidi ileile huweza kuwa kipodozi ikiwa hafifu na tiba ikiwa kali. Ndiyo maana alama ya ubora kwenye chupa, pamoja na umuhimu wake, haitoshi. Mteja ana haki ya kuuliza jina la asidi, kiwango chake kwa asilimia, na sifa za anayeipaka. Saluni isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haifai kukabidhiwa uso wa mtu.

Wataalamu wapo, ingawa si wengi. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa tangu miaka ya 1990, na hospitali za rufaa ndiko mahali pa kuanzia kuulizia.

Aliyekwisha kuungua aoshe sehemu hiyo mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, asipake dawa ya meno wala mafuta, kisha awahi kituo cha afya. Chupa aende nayo, kwani daktari atahitaji kujua ni asidi gani na ina nguvu kiasi gani.