Kabla Hujamfungulia Geti Mgeni wa Gari la Kambi, Jiulize Tangi Lake Litamwagwa Wapi

Leo naomba tuweke pembeni kantangaze na bei ya chainizi, tuongee jambo ambalo wengi wenu hamlioni kama la kilimo. Mimi naliona la kilimo kabisa, na nitawaambia kwa nini.

Juzi kati kijana mmoja wa huku Bigwa alinipigia simu asubuhi. Ana migomba na bustani ya mboga, na juu ya shamba ana sehemu tambarare unayoiona Morogoro mjini yote. Wageni wameanza kuipenda. Wengine wanakuja kupanda Uluguru, wengine wako safarini kwenye barabara ya Bigwa–Kisaki kuelekea Hifadhi ya Nyerere. Wanakuja na magari yenye nyumba ndani: kitanda, jiko, bafu dogo na choo. Wanaegesha, wanalala, wanalipa. Ni pesa nzuri kwa mtu ambaye mwezi huo karoti hazijakomaa.

Sasa wageni wawili walilala usiku tatu. Asubuhi ya kuondoka wakamuuliza kwa ustaarabu kabisa, "Tunamwaga wapi tangi?" Kijana akafikiria haraka, akawaonyesha mtaro wa migomba. Kichwani mwake akasema hii si mbolea ya bure?

Alichoniambia kwenye simu ni hiki: "Bwana shamba, kuna maji ya bluu yanatoka kwenye migomba. Na harufu yake siyo."

Nilipofika, yale maji yalishapita mtaro na kuingia kwenye mfereji. Chini ya mfereji alikuwepo mama mmoja anachota kwa keni, anamwagilia mchicha aliopanga kuuvuna jioni ile kwa soko la kesho yake. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji yana sabuni gani?" Ilibidi nimwambie ukweli pale pale. Matuta manne hayakuvunwa. Pesa aliyopata kijana wetu kwa zile siku tatu haikutosha kumlipa huyo mama, achilia mbali aibu ya kwenda kuongea naye.

Simlaumu sana kijana, maana hakuna aliyemfundisha. Lakini nina msimamo na nausema wazi: kama hujui tangi la mgeni litamwagwa wapi, usimfungulie geti. Mwelekeze aende pengine. Utalii wa shamba siupingi, naupenda sana na nimewashawishi wengi wenu muuanze. Ninachopinga ni kuhesabu pesa ya kulala na kusahau kuhesabu maji yanayobaki mgeni akiondoka.

Matangi ni mawili, na hayafanani

Gari kamili la kambi huwa linabeba majitaka ya aina mbili. Ya kwanza ni maji ya sinki na bafu, yaani sabuni, mafuta ya kupikia, mabaki ya chakula na jasho. Ya pili ni ya choo, kinyesi na mkojo. Magari mengine hayana tangi kubwa la choo, yana kile choo cha kubebeka chenye boksi la kama lita 20 linalochomoka. Watu wawili wanalijaza kwa siku chache tu.

Ile bluu aliyoiona kijana ni dawa ya kuzuia harufu. Baadhi ya dawa hizo zina fomaldehaidi, na kazi yake ni kuua bakteria. Ndiyo maana tangi halinuki sana. Lakini bakteria hao hao ndio wanaofanya kazi kwenye karo lako la choo. Boksi moja kwenye karo kubwa halitaleta balaa, ila kila wiki maboksi matano kwenye karo dogo, utashangaa kwa nini limeacha kufanya kazi.

Sasa fanya hesabu ya maji ya sinki na bafu. Tuchukue mfano gari moja linaacha lita 80. Magari matatu wikiendi moja ni lita 240, yaani ndoo kubwa 12. Ukizimwaga zote sehemu moja, kwenye mteremko kama wetu, ardhi haizimezi. Zinatafuta njia ya kushuka, na huku kwetu kila kinachoshuka kinakutana na mfereji au kijito.

"Lakini kinyesi si mbolea?"

Hili swali naulizwa sana, na ni swali la maana. Jibu ni ndiyo, kinyesi cha binadamu kinaweza kuwa mbolea, kikishatibiwa. Nairobi kampuni ya Sanergy ilikusanya uchafu wa vyoo vya mitaa ya Mukuru na kuugeuza mbolea. Lakini waliupitisha kiwandani, hawakuumwaga kwenye tuta la spinachi.

Tofauti na samadi ya ng'ombe ni kwamba magonjwa ya binadamu yanakaa kwenye kinyesi cha binadamu. Kipindupindu, taifodi, minyoo. Mayai ya minyoo ni magumu sana, yanaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi yakisubiri mtu ale mboga mbichi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema kwenye maeneo ya joto la zaidi ya nyuzi 20, kinyesi kikavu kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukitumia shambani, bila kuongezea kingine juu yake. Mwaka mmoja! Wewe umekimwaga asubuhi, mchicha unavunwa jioni.

Na nyie mnaosema mnataka soko la nje, sikilizeni. Cheti cha GLOBALG.A.P. kinakataza kabisa tope la majitaka ya binadamu shambani. Hutamwambia mkaguzi kwamba ilikuwa mara moja tu, mzungu alikuwa na haraka.

"Bwana shamba, mbona vyoo vya kwetu ni vibaya zaidi?"

Hii nayo nimeambiwa usoni, na siwezi kuikwepa. Ni kweli. Kuna vyoo vya shimo karibu na vijito. Kuna watu wanafulia kijitoni. Mvua za masika zikikolea kuna watu wanatapisha vyoo usiku, wote tunajua. Sasa tangi moja la mgeni litaongeza nini?

Nina majibu mawili. La kwanza, kosa la jirani halisafishi la kwako. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi, Morogoro ikiwemo, na hakikuuliza nani alianza kuchafua maji. La pili, wewe unafanya biashara. Mwenye choo kibovu kwa sababu hana uwezo ana shida. Wewe unayepokea pesa ya mgeni na kumwachia mama wa chini uchafu wake, hiyo si shida tena, umemhamishia gharama zako.

Na huyo mama siye wa mwisho. Vijito vya upande huu vinashuka kwenye Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam na Pwani. Halafu mboga zetu zinapanda gari kwenda huko huko Dar. Kwa hiyo mteja wetu anaweza kutuonja mara mbili, kwenye bomba na kwenye kachumbari. Siku watu wakisema "mboga za Bigwa zinamwagiliwa majitaka", bei haitauliza shamba lako ni lipi. Tutashuka wote.

Basi tufanyeje?

Sitaki kuwaacha na lawama tupu. Ukitaka wageni wa magari ya kambi, panga hivi.

Kwanza, uliza kabla hawajafika. Kwenye meseji ya kwanza kabisa, kabla ya bei: gari lenu lina choo? Mnatumia dawa gani? Mtahitaji kumwaga? Msione aibu. Wasafiri wa namna hii wamezoea. Ulaya na Marekani kambi nyingi zina sehemu maalumu ya kumwagia tangi, na mgeni anayekuuliza amwage wapi anategemea mwenyeji ana jibu. Huna sehemu? Mwambie hakuna, aondoke na tangi lake limefungwa akamwage panapostahili. Ataelewa.

Pili, wape choo chako. Choo safi chenye maji, mlango unaofungwa na taa kinawafanya wasiguse kile cha kwenye gari. Hakuna dawa ya bluu, hakuna boksi la kumwaga. Kwangu hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na inakusaidia hata wewe na vibarua wako.

Tatu, kama lazima upokee tangi la choo, uwe na karo lililojengwa na kuzibwa vizuri, halafu lijengwe karibu na barabara. Nasisitiza barabara. Nimeona karo zuri limejengwa juu mlimani ambako gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika hata kwa maombi. Kabla ya kuchimba muulize mwenye gari mpira wake unafika mita ngapi. Uchafu ukishanyonywa uende kwenye mabwawa ya majitaka ya Mafisa, siyo kwenye korongo la kwanza njiani. Na gharama ya kunyonya iweke kwenye bei ya kulala tangu mwanzo. Mgeni akiona bei kubwa, mwambie inalipia nini. Wengi watafurahi kusikia.

Nne, maji ya sinki na bafu yana nafasi shambani, lakini kwa adabu. Yapitishe kwanza kwenye ndoo yenye nyasi kavu au chujio ili mafuta na mabaki yabaki. Kisha yaingie kwenye shimo pana lililojazwa majani na mabua, pembeni umeotesha migomba. Mgomba unakunywa sana na ndizi iko juu, haigusi maji. Usiyamwagie mboga za majani, karoti wala stroberi. Usiyahifadhi kwenye pipa siku mbili tatu, yataoza na kunuka kama ya choo.

Kabla ya kuchagua mahali pa shimo, jaribu udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji, yaache yanywewe, jaza tena. Kama baada ya saa nzima maji bado yamesimama, hapo si mahali pake. Kama yamepotea mara moja, usishangilie, maana kwenye mawe ya Uluguru maji yanaweza kuzama hapa na kutokea kwenye tuta la jirani chini. Tembea kwa chini uangalie. Rudia kipindi cha masika, udongo ukiwa umeshiba.

Tano, mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Najua wengi hamuipendi, mashamba yetu ni membamba na maji yako karibu. Lakini mkilalamika kwamba mnaonewa na mita 60 kwenye kilimo, msiende kuchimba shimo la majitaka mita 10 kutoka kijitoni. Mtakuwa mmejifunga wenyewe.

Neno langu kwa vikundi

Kijana mmoja mmoja hawezi kujenga karo la maana, nakubali. Lakini mko kwenye vikundi. Mnachangishana kununua pampu, mnakodi Fuso pamoja kupeleka mboga Dar. Kwa nini msijenge sehemu moja ya kumwagia matangi, chini kwenye barabara, inayohudumia mashamba sita au saba? Kila gari linalolala Bigwa lipite pale kabla ya kuondoka na lilipie. Karo moja linalosimamiwa ni bora kuliko mitaro saba ya kificho. Nendeni ofisi ya kata na ya bonde la Wami/Ruvu pale mjini kabla ya kuchimba, muulize masharti. Mkihitaji mtu wa kuwasindikiza, mnanijua.

Yule kijana nimemwambia aache kupokea magari mpaka choo kiishe. Alinuna kidogo. Akaniambia, "Bwana shamba, utanipotezea wateja." Nikamjibu, "Mdogo wangu, mteja wako wa kwanza ni huyo mama wa mchicha. Huyo mnagawana naye maji mpaka mzeeke."

Wiki iliyofuata nilipita, nikamkuta anachimba msingi wa choo kando ya barabara. Yule mama alikuwa ameketi kwenye jiwe, anamwelekeza maji ya mvua huwa yanapita wapi. Anajua kuliko mimi na cheti changu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuhakikishe mwenyeji anapona kweli, asije akaugua kwa maji aliyoachiwa na mgeni.

Kama umeshapokea magari ya namna hii shambani kwako, niambie ulifanyaje, hata kama ulikosea. Tutajifunza wote. Tukutane shambani.