Mgonjwa Anayewachosha Wauguzi

Tuseme ni binti wa miaka 19 kutoka Kawajense, mjini Mpanda. Ameletwa hospitali kwa bodaboda saa tano usiku, amekunywa dawa ya shambani baada ya kugombana na mchumba wake. Ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, na nesi wa zamu anamfahamu. Mara ya kwanza nesi huyo alikaa naye mpaka alfajiri, na binti akamwambia hajapata kuona mtu mwenye moyo kama wake. Mara ya pili alimnyima namba yake ya simu, na binti yuleyule akamtukana mbele ya wodi nzima. Leo nesi anaufanyia mwili kila unachohitaji: sindano ya atropini, dripu, kipimo cha mapigo ya moyo. Lakini hamsemeshi. Nje kwenye benchi, jirani anamnong'oneza mama kwamba mtoto amerogwa. Mjomba anasema ni jeuri tu, apelekwe polisi akatiwe akili.

Binti huyu nimemtunga, lakini muuguzi aliyefanya kazi wodini miaka michache atakuwa amemtambua. Je, ni mgonjwa au ana tabia mbaya? Na kama ni mgonjwa, nani amhudumie katika mkoa kama Katavi, ambako mtu akisema "hospitali ya akili" anamaanisha Mirembe, Dodoma, ng'ambo ya Tabora na Singida?

Wataalamu wanaiita hali ya namna hii tatizo la haiba. Halimvamii mtu ghafla kama malaria, wala halimfanyi asikie sauti zisizokuwepo. Ni namna ya kujiona, ya kuwaona wengine na ya kuhimili hisia iliyokwenda upande tangu ujanani, ikadumu miaka, ikamharibia mtu ndoa, kazi na undugu kila anakokwenda. Yuko asiyemwamini kiumbe yeyote, hata ndugu wa tumbo moja. Yuko anayeogopa kukataliwa hadi anajifungia ndani, na yuko asiyeguswa na machungu anayowasababishia wengine. Na yuko huyu binti: hisia zake zinapanda na kushuka ndani ya saa moja, anaogopa kuachwa kuliko anavyoogopa kufa, na uchungu ukimzidi anaudhuru mwili wake.

Uainishaji wa 11 wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, umeweka kando orodha ndefu ya majina iliyokuwa ikitumika. Sasa kinachoulizwa kwanza ni uzito: tatizo ni dogo, la wastani au kali? Nayaona mabadiliko hayo kuwa mema kwetu. Muuguzi wa zahanati ya Mishamo au Katumba hana haja ya kukariri aina kumi za haiba. Anahitaji kujua kama aliye mbele yake anaweza kurudi nyumbani leo bila kujidhuru.

Je, watu hawa ni wengi? Utafiti uliofanyika katika nchi 13, zikiwemo Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu 6 katika kila 100. Kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa Katavi jinsi kilivyo. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.15 mkoani hapa, na hata tukichukua robo tu ya kiwango hicho tunapata maelfu ya watu, wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kinachowasumbua kinatibika.

Chanzo chake ni mchanganyiko wa kurithi na malezi. Si kila aliyeumizwa utotoni hupata tatizo la haiba, wala si kila mwenye tatizo hili aliumizwa. Hata hivyo uhusiano upo, na hapa ndipo suala linapoingia nyumbani kwetu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walifanyiwa ukatili wa kimwili. Katavi yenyewe, katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16, iliongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Tunapomwita binti wa Kawajense mkorofi, tukumbuke anatoka katika kundi hilo, na kwamba wengi wa watoto hao walifundishwa mapema kuwa mtu mzima anayekupenda ndiye pia anayekuumiza.

Wapo wanaopinga kumwita mgonjwa, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba jina linaua. Katika ukanda huu wa magharibi vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Mtu akibandikwa jina jipya la hospitali, jamii italitumia vilevile. Hata madaktari hawajasalimika: mwaka 1988 Glyn Lewis na Louis Appleby wa Uingereza waliwapa madaktari wa akili maelezo ya mgonjwa wa kubuni, na pale maelezo yalipotaja kwamba aliwahi kuambiwa ana tatizo la haiba, madaktari walimwona msumbufu na asiyestahili sana huduma. Jambo hili linanipa hofu ya kweli. Lakini binti wetu tayari amekwisha kubandikwa majina: mapepo, jeuri, malaya. Jina la hospitali likija pamoja na mpango wa huduma litamsaidia. Likija peke yake, likaandikwa kwenye faili kama onyo kwa zamu inayofuata, ni afadhali lisiandikwe.

Hoja ya pili ni kwamba tutawapa waovu kisingizio. Mwanamume anayempiga mkewe atasema ni haiba yake. Hili halina uzito mkubwa. Kanuni ya Adhabu inamwachia mtu pale tu ugonjwa wa akili ulipomfanya asijue anachokitenda, asijue kwamba hapaswi kukitenda, au asiweze kukidhibiti kitendo chake. Mwenye tatizo la haiba kwa kawaida hayuko katika hali hizo, kwa hiyo ajibu mahakamani kama wengine, na atibiwe pia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wauguzi wachache, wodi ya wazazi imejaa, watoto wana malaria, na wewe unataka nesi aketi kumsikiliza mtu aliyekunywa sumu kwa kutaka mwenyewe? Jibu langu la kwanza ni kwamba gharama hiyo tunailipa sasa hivi. Kitanda, dripu, atropini na usiku mzima wa nesi vimekwisha kutumika mara tatu, na kwa mwendo huu vitatumika mara ya nne, kama atawahi kufikishwa hospitali.

Jibu la pili ni kwamba matibabu yenyewe hayahitaji mashine wala dawa ya bei kubwa. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2009 kuhusu tatizo la haiba la aina ya binti huyu ulieleza wazi kwamba dawa zisitumike kutibu haiba yenyewe. Kinachoponya ni mazungumzo yenye mpangilio, kwa mtu yuleyule, kwa muda wa kutosha. Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alibuni tiba mashuhuri ya mazungumzo ya aina hiyo, na mwaka 2011 alitangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana kwa kujidhuru. Tiba yake ni nzuri lakini inadai mafunzo marefu. Ndiyo maana utafiti wa Toronto, Kanada, uliochapishwa mwaka 2009 una maana zaidi kwetu. Wagonjwa 180 waligawanywa: nusu wakapewa tiba ya Linehan, nusu wakapewa huduma ya kawaida iliyopangwa vizuri na kusimamiwa. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuonekana. Nao watafiti wa hospitali ya McLean, Massachusetts, waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, walikuta zaidi ya 9 kati ya 10 wamepitisha angalau miaka 2 mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Wengi hupata nafuu. Hili halijafika kwenye benchi la nje ya wodi, na lingefika, mama yule angelia kwa sababu nyingine.

Sasa tumrudie nesi, maana yeye ndiye tiba yenyewe. Mwaka 1957 daktari Tom Main wa hospitali ya Cassel, Uingereza, aliandika kuhusu kikundi cha wauguzi alioketi nao kuchambua wagonjwa waliowashinda. Waligundua jambo linalouma: dawa ya usingizi ilitolewa pale muuguzi alipofika mwisho wa uvumilivu wake, na si lazima pale mgonjwa alipoihitaji. Waligundua pia kwamba mgonjwa wa namna hii huigawa timu. Muuguzi mmoja humwona malaika aliyeonewa na kumvunjia taratibu kwa siri. Mwingine humwona mnafiki na kumkazia. Wawili hao huishia kugombana wao kwa wao, na mgonjwa, aliyekulia katika nyumba za ugomvi, anaona dunia ni ileile.

Huduma nzuri basi huanza kwa wauguzi kukubaliana. Mmoja wao awe ndiye wa huyu binti, na wengine wajue. Mpango uandikwe: akija usiku afanyiwe nini, nani apigiwe, alazwe kwa muda gani. Ulazo uwe mfupi, kwa kuwa kukaa wodini wiki nyingi kunaweza kumzoesha kuishi kama mgonjwa. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Nesi akikataa jambo, kama ile namba ya simu, alikatae kwa upole na aseme kinachowezekana: "Namba yangu sitakupa, lakini Jumatano saa nne utanikuta hapa, na nitakuwa nakusubiri." Kisha Jumatano saa nne awepo. Kwa mtu ambaye ahadi zote alizopewa zilivunjwa, hiyo ni dozi kamili.

Hapo ndipo mfumo wetu unapoharibu kazi. Muuguzi aliyesomea afya ya akili anazungushwa wodi kama wengine wote: mwezi huu wa upasuaji, mwezi ujao wa wazazi. Au anahamishwa mkoa. Kwa mwenye vidonda hilo halina madhara makubwa. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni woga wa kuachwa, kila uhamisho ni kidonda kipya. Na nesi mwenyewe hana pa kupeleka hasira na hofu anazobeba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa una sura ya kujidhuru na kujiua, lakini hauna sura ya matatizo ya haiba, kwa hiyo anayefundishwa kwa mwongozo huo bado anaachiwa kubahatisha.

Limebaki suala la sheria. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai Tanzania. Ndugu wanajua, kwa hiyo wanachelewa kumleta mgonjwa, au wanamleta wakisema amekunywa kwa bahati mbaya, na nesi anakosa habari aliyoihitaji zaidi ya zote. Kenya, Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

Mganga Mkuu wa Mkoa wa Katavi hana haja ya kungoja bajeti mpya ili kuamua kwamba muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa na katika kila halmashauri hazungushwi wodi, na kwamba mara moja kwa mwezi wauguzi hao wanaketi pamoja, hata kwa simu na bingwa aliye Mirembe, kuzungumzia wagonjwa wanaowachosha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoajiriwa chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2024 wapewe jina la nesi huyo, wajue wampeleke nani na siku gani. Na wabunge wa Katavi wapeleke hoja bungeni ili kosa la kujaribu kujiua liondolewe katika Kanuni ya Adhabu.