NASAHA KWA VIJANA: MWENDO WA KWANZA NA UWE MFUPI



Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora, na ile iliyotoka hapa kwenda Ujiji, ilikuwa na desturi moja yenye hekima. Siku ya kwanza haikwenda mbali. Wapagazi walijitwika mizigo yao, kila mmoja yapata kilo 30, kirongozi akatangulia, na baada ya mwendo mfupi wakapiga kambi, hali mji ungali karibu. Mgeni aliweza kudhani kuwa huo ni uvivu. Lakini hapo kambini ndipo ulipojulikana mzigo uliofungwa vibaya, kitu kilichosahauliwa na mtu aliyetoroka, na kurudi kulikuwa bado ni jambo jepesi. Kosa lililogunduliwa mbele, katika pori lisilo na maji, lilikuwa na gharama nyingine kabisa.

Desturi hiyo niliijua kwa kusoma. Maana yake nilifundishwa na motokaa.

Ami yangu alikuwa na pikapu ya zamani, ambayo kwayo alichukua asali kutoka Sikonge kuileta Tabora. Ndiyo iliyolisha nyumba mbili. Na jirani akizidiwa na maradhi usiku, ndiyo iliyompeleka hospitali. Siku moja aliniachia amana hiyo, akaniambia, "Mwanangu, kabla hujaenda Sikonge ipeleke kwa fundi abadilishe oili." Mimi nilikuwa nimemtazama fundi mara nyingi, nikaona ya nini kulipa fedha kwa kazi ya kufungua na kufunga? Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza mtu. Nikaifanya mwenyewe uani.

Kosa la kwanza lilinipata pale pale: injini ilikuwa imetoka safarini, na oili ya moto ikaniunguza mkono. Kosa la pili sikuliona. Nilipofungua filta kuukuu, duara lake la mpira liliganda kwenye injini, nami nikafunga filta mpya juu yake. Mipira miwili haikazi kama mmoja; oili inaposukumwa kwa nguvu mpira huteleza, na oili yote hutoka. Kosa la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilitazama chini ya gari kabla sijawasha injini, nikaona pakavu, nikajisifu, nikashika njia.

Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajiambia kuwa taa ndiyo mbovu, kwani oili ni mpya na nimeitia kwa mkono wangu. Niliposimama, injini ilikuwa inagonga, na nyuma yangu barabarani pana mstari mweusi. Vyuma vya ndani vilikuwa vimesagana.

Nafsi ilinishawishi niseme kuwa nimeuziwa filta mbovu, maana muuzaji hakuwapo kujitetea. Namshukuru Mungu kwamba nilisema kweli. Ami alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kufunga ulikujua. Kuhakikisha hukukujua." Nililipa matengenezo kidogo kidogo kwa miezi mingi. Katika miezi hiyo asali ilichukuliwa kwa magari ya kukodi, faida ikaenda kwa wengine. Na jirani alipozidiwa tena usiku, ilibidi gari litafutwe mbali.

Basi, enyi vijana mnaotaka kuihudumia motokaa kwa mikono yenu, sikuwakatazi. Ni kazi njema, nayo huokoa fedha. Lakini yashikeni haya.

Kwanza, gari lisimame mahali sawa, na injini iwe na uvuguvugu, si moto mkali. Msiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liegemezwe juu ya vyuma imara, na magurudumu yazuiwe.

Pili, ijueni nati ya kumwagia oili ya injini. Wanagenzi wengi wamemwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaijaza injini kupita kiasi.

Tatu, filta kuukuu ikitoka, utafuteni mpira wake. Usipokuwa kwenye filta, uko kwenye injini. Mpira mpya upakwe oili kidogo, na filta ikazwe kwa mkono. Nati nayo isikazwe kwa hasira, kwani njia zake hulika.

Nne, tieni oili ya aina na kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Iwe kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia. Ikizidi mno huvurugwa na vyuma vinavyozunguka, ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Wenye pikipiki wakumbuke kuwa katika nyingi za pikipiki zetu oili hiyo hiyo hutumika katika gia na klachi. Basi wanunue iliyotengenezwa kwa pikipiki.

Tano, oili chafu isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Itieni katika dumu lenye kifuniko, mwipeleke gereji inayokusanya oili chafu, na mikono ioshwe vizuri kwa sabuni, kwani hudhuru ngozi.

Sita, washeni injini. Taa nyekundu isipozimika upesi, zimeni. Ikizimika, tazameni chini na injini ikiunguruma. Kisha izimeni, ngojeni dakika chache, pimeni tena. Halafu endesheni mwendo mfupi, mtaa mmoja au miwili, msimame, mtazame tena. Na taa hiyo ikiwaka safarini, simameni hapo hapo, msibishane nayo.

Tena, mara ya kwanza fanyeni mbele ya fundi, mumlipe kwa kusimama kwake. Fedha hiyo ni ndogo kuliko bei ya injini.

Wazee wetu waliotembea kwa miguu mpaka Ujiji hawakuona haya kulala usiku wa kwanza karibu na mji. Nasi tusione haya kuzunguka mtaa na kurudi kutazama kazi yetu, hasa ikiwa chombo ni amana ya mwingine, na riziki ya watu imo ndani yake.