Iite Kitimoto! Char Siu Isiwe Kichaka cha Kujifichia

Kuna fasheni mpya jikoni kwa mastaa wa mitandaoni, na jina lake ni char siu. Wikiendi haipiti bila video: vipande virefu vya nyama nyekundu vinang'aa kwa asali, ea fraya inalia "ting", kamera inasogea, mwenye nyama anafumba macho na kuguna kwa utamu. Laiki zinamiminika. Kuna neno moja tu halitajwi tangu mwanzo wa video mpaka mwisho. Nguruwe.

Basi liwekwe wazi. Char siu ni kitimoto. Ni kitimoto ya Kichina, imelala kwenye asali na viungo, lakini ni kitimoto ile ile inayouzwa nusu kilo na ndizi mbili pale kwa mangi. Hata jina lenyewe halina mbwembwe. Ni Kikantoni, lugha ya kusini mwa China kule Guangdong na Hong Kong, na maana yake ni "choma ya uma", kwa sababu zamani vipande vya nyama vilitungwa kwenye uma mrefu na kuwekwa motoni. Yaani ni mishikaki jamani! Mchina wa mtaani hajawahi kuiona kama chakula cha washua. Anainunua kibandani, inakatwakatwa, inawekwa juu ya wali, anakula anaenda kazini.

Sasa kwa nini mjini hapa imegeuka kuwa kitu cha kujimwambafai? Jibu ni aibu. Watu wanaitaka nyama, hawautaki mtaa wake. Kitimoto kwao ni uswazi, ni viti vya plastiki na moshi. Char siu ni ushuani. Nyama moja, mafuta yale yale, ila jina la kigeni limeoga na kupaka manukato.

Chukua dada mmoja, jina kapuni, mwenye wafuasi lukuki kwa video zake za mapishi. Amewahi kusema mbele ya kamera kwamba yeye "vitu vya kitimoto" hali, vinamtia kinyaa. Wiki mbili baadaye akaja na char siu. Akaonyesha kichupa cha viungo vitano vya Kichina chenye maandishi ya kigeni, akalalamika kilivyo ghali, kisha akamalizia kwa kusema huku kwetu vitu kama hivi havipatikani.

Havipatikani? Huyu dada kwao ni Zirai! Zirai ya Usambara Mashariki, milima ya juu ya Muheza, ambako watu wamesomesha watoto kwa iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Hivyo viungo vitano vya kwenye kichupa ni mdalasini, karafuu, shamari, nyota za anisi na pilipili ya Sichuan. Viwili kati ya vitano vinaota kwao. Mama yake anabandua magome ya mdalasini, anayaanika juani, anasubiri mnunuzi apite na mzani wake na bei yake. Binti anakwenda dukani kununua gome la aina hiyo hiyo, limesagwa, limetiwa kwenye kichupa, anaita la nje. Mwacha asili ni mtumwa, na huyu analipia utumwa wenyewe kwa pesa yake.

Lakini hayo ya dada wa Zirai ni kichekesho tu. Kuna ya kaka mmoja, naye jina kapuni, na hayo hayachekeshi hata kidogo.

Huyu ni mtoto wa Lushoto, amepanga nyumba Dar na vijana wenzake wawili. Mmoja wao ni Muislamu, wametoka wote milimani, wamesoma pamoja. Ea fraya iko jikoni, ya wote. Siku hiyo kaka kapika char siu yake, kaposti, kisha kamkaribisha mwenzake: "Onja nyama ya Kichina." Mwenzake akaonja. Tena kwa siku kadhaa akaendelea kukaangia viazi na sambusa zake kwenye kikapu kile kile. Alikuja kujua baadaye, kwa mtu aliyelitafuta jina hilo kwenye intaneti. Na kaka alipoulizwa akajitetea: "Si niliandika char siu?"

Hapo ndipo jina zuri linapogeuka kuwa udanganyifu. Watanzania wana majina mengi ya utani kwa nyama hii: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Watu wanayacheka, lakini hayamdanganyi mtu. Anayekula anajua afuate, asiyekula anajua apite mbali. Ni utani unaofanya kazi ya kibao cha barabarani. Char siu haimwambii kitu mtu aliyekulia Lushoto au Zirai. Ukimpa bila kumweleza, umemvua haki yake ya kukataa, na kusema "niliandika" hakukuokoi.

Na ajabu ni kwamba wazee wa milima hiyo hiyo walilimaliza hili jambo zamani, bila ea fraya na bila bando. Usambara ukoo mmoja una Waislamu na Wakristo, na wote wanakutana msibani na harusini. Mkristo akiwa na shughuli, anamwita Muislamu achinje ng'ombe au mbuzi, ili kila anayekuja ale kwa amani. Hakuna aliyewalazimisha. Ni adabu tu. Na huko China kunakotajwa sana, Waislamu wako mamilioni, na migahawa yao inaweka alama ya halali mlangoni ili mtu ajue anaingia wapi. Wachina wenyewe hawafichani. Ni huku tu watu wanajificha nyuma ya Wachina.

Isieleweke vibaya. Ea fraya haina kosa. Mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika 24 imekula uniti 0.6 tu ya umeme, hakuna moshi, hakuna gunia la mkaa uliotoka kwenye msitu wa mtu. Na chakula chenyewe ni kitamu. Anayetaka kupika apike, ila apike kama mtu mzima.

Achukue nyama ya shingo au bega yenye mafuta kidogo, kutoka bucha lenye muhuri wa mkaguzi. Aikate vipande virefu, ailaze usiku kucha kwenye sosi ya soya, kitunguu saumu, tangawizi, sukari kidogo, na mdalasini na karafuu ya Zirai iliyosagwa nyumbani. Ea fraya nyuzi 180, dakika 20 hadi 25, akigeuza katikati. Asali ipakwe dakika chache za mwisho, maana ikiwahi inaungua na kuwa chungu.

Halafu akate kipande kinene katikati aangalie. Hapa napo wekundu wa rangi umewaponza wengi: nje imeng'aa kama video, ndani mbichi. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuleta tegu, na mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa anaweza kueneza mayai ambayo yakimwingia mtu hufika mpaka kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Ndani nyama ifike walau nyuzi 70. Yule muuza kitimoto anayechekwa mtaani anachemsha kwanza kisha anakaanga mpaka inalia. Anajua anachofanya kuliko mastaa wengi.

Na kama nyumba ni ya wote, kikapu kiwe cha mwenyewe, au apike kuku kwa viungo hivyo hivyo na wote wale.

Wenye kurasa kubwa hawaombwi mengi. Video inayofuata ianze na neno kitimoto, lisemwe kwa sauti, ndipo yafuate ya Kichina. Mdalasini utajwe ulikotoka. Wanaokula watakuja na ndizi zao, wasiokula watapisha bila kinyongo, na kule Zirai mama ataelewa binti yake anapika nini.