Mwombaji na Mwombwa Walao Mfuko Mmoja

Ndugu wapenda mageuzi, sisi tulioipokea Katiba ya 2010 kwa shangwe tulitaka mwananchi wa kaunti awe na sauti katika mambo yake. Hatukuagiza sauti hiyo inunuliwe kwa kodi yake pasipo yeye kuulizwa.

Baraza la Magavana liliundwa na Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinaelekeza kwamba gharama za kuviendesha vyombo vilivyoundwa nayo zitengwe katika bajeti ya Serikali ya Kitaifa. Hata hivyo kaunti zimekuwa zikitoa michango kwa Baraza kutoka hazina zao, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeihoji michango hiyo zaidi ya mara moja. Fedha hizo hutoka katika bajeti ile ile inayonunua dawa za zahanati.

Tutaambiwa kwamba kaunti zisipokuwa na mtetezi zitamezwa na Nairobi. Hilo ni kweli, na anayeshuku awaulize wauguzi waliokaa bila mshahara Hazina Kuu ilipochelewesha mgao. Mwaka wa 2014 Baraza, chini ya Isaac Ruto wa Bomet, lilianzisha kampeni ya Pesa Mashinani, likidai kura ya maoni ili mgao wa kaunti uwe asilimia 45 ya mapato ya taifa, ilhali Katiba yaweka kiwango cha chini cha asilimia 15. Dai lenyewe lilikuwa na haki ndani yake. Lakini aliyelipinga naye ni mlipa kodi, na hapaswi kamwe kutozwa gharama ya kampeni asiyoiamini.

Tena mtetezi huyo hatetei wananchi peke yao. Seneti ilipowaita magavana waeleze matumizi ya fedha za kaunti, Baraza lilikuwa miongoni mwa waliopinga. Mabishano hayo yalizunguka mahakamani tangu 2014 hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka wa 2022 kwamba Seneti inayo mamlaka ya kuwaita. Tazameni ajabu hii: upande mmoja chombo cha umma, upande wa pili chombo cha umma, na mama auzaye mboga Kakamega, alipaye ushuru wa soko kila asubuhi, ndiye aliyeshitakiana na nafsi yake!

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Tunawaomba viongozi wa parokia na vikundi vya haki wahudhurie vikao vya wananchi, wadai kuonyeshwa kila shilingi iendayo kwa Baraza na kwa Jukwaa la Mabunge ya Kaunti, pamoja na sheria inayoiruhusu. Afisa akishindwa kuionyesha, asomewe Kifungu cha 226 cha Katiba, kinachomtaka aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria ailipe hasara hiyo mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini.